Mafundo Mekundu Chini ya Kiondo

Nyinyi mnaosomea uuguzi, na wajukuu zangu wawili wamo kati yenu, mmekuwa mkiniuliza tulifanyaje kazi zamani bila mashine. Mashine tulikuwa nayo. Ilikuwa benchi.

Lilikuwa benchi la mbao kwenye veranda ya kliniki ya kina mama, katika hospitali moja ndogo upande wa Kitui, na lilikuwa refu kiasi kwamba aliyekaa mwisho wake alikuwa ameshafika karibu na Kwa Vonza. Haya, naongeza chumvi. Lakini refu lilikuwa. Wanawake walikaa pale tangu asubuhi wakisuka vyondo huku wakingoja kuonwa, na uzi wa katani ukisokotwa pajani una sauti yake, shh, shh, kama mtu anayembembeleza mtoto. Leo mkiniambia nichague kitu kimoja nirudishiwe, ujana sitaki. Meno nayo yalinisumbua hata yalipokuwepo. Nataka asubuhi moja tu kwenye benchi hilo, na Sista Mwikali atokee mlangoni akijipangusa mikono, aulize nani alifika kwanza, huku akijua vizuri kwamba wote watanyoosha mkono.

Mimi sikuingia hospitali kwa mlango wa mbele. Niliingia na ndoo. Nilikuwa mfagiaji, na jioni nakwenda mji wa Kabati kwenye shule ya watu wazima, ile watu waliita gumbaru wakicheka. Nilikaa dawati moja na mzee muuza mbuzi aliyekuwa akisinzia mara tu mwalimu akishika chaki. Mimi nilisoma mpaka kibatari chenyewe kikaanza kupiga miayo. Nikapata cheti, nikapelekwa kusomea uuguzi, nikarudi na kofia nyeupe. Watu wa Zombe, kwetu nyumbani, wakatangaza kwamba Nduku sasa ni daktari, anapasua watu. Sikuwasahihisha haraka.

Lakini kazi hasa nilifundishwa na Mwikali. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kliniki hiyo. Alikuwa mfupi, akisimama nyuma ya kitanda cha kupimia unaona kofia tu ikitembea. Na somo lake la kwanza lilikuwa juu ya tumbo.

Mwanamke wa kwetu siku zile alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni tumbo. Mimba ilikuwa tumbo. Kuharisha, tumbo. Mume mlevi, tumbo pia. Na kama shida iko kule chini, mahali ambapo hata mimi na uzee wangu naandika nikiangalia mlango, basi hilo lilikuwa tumbo linalosemwa kwa sauti ndogo. Sisi Wakamba tuna neno nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu yenye heshima ndani yake, ile inayomfanya mtu asiseme maneno fulani mbele ya watu fulani hata akifa. Nthoni ilikuwa imekaa kwenye benchi letu pamoja na wagonjwa, na haikuwa ikilipa chochote.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kumkabili mgonjwa, nimwangalie machoni, nimuulize moja kwa moja. Nilimkabili wa kwanza. Akaniambia tumbo, akachukua dawa ya minyoo, akaenda zake. Mwikali alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Sista."

"Umemtibu nani? Minyoo au yule mama?"

Kesho yake akanipa kiondo. Kilikuwa kimeanzwa tu, kitako chake kikubwa kama sahani, nyuzi zimetawanyika pande zote kama miale. Akaniambia nikae nao benchini, nisuke, na nikiuliza swali nisiangalie uso wa mtu. Niangalie uzi. Yeye asuke, mimi nisuke, maneno yapite katikati kama hayatuhusu. Mtu mwenye kazi mkononi, alisema, anasahau kuona haya. Nami nawaambia nyinyi, katika miaka yangu yote sikuona dawa ya kulegeza ulimi iliyoshinda hiyo, na nimewahi kuona pombe ya miwa ikifanya kazi.

Kwa hiyo nilijifunza maswali yangu juu ya kiondo. Inauma wapi? Inachoma, inawasha, au inadunga? Inakuja yenyewe, au mpaka paguswe? Ukikaa inakuwaje? Ukikojoa? Ukiwa na baba watoto, inauma mlangoni, au ndani kabisa? Ilianza baada ya nini? Na umepaka nini? Hilo la mwisho, vijana, msilisahau kamwe, kwa sababu hakuna mtu anayeumwa muda mrefu bila kupaka kitu.

Sasa niwaambie habari za Syombua.

Alikuja mwaka mmoja katika ile miaka ya themanini, mbaazi zikiwa zimetoa maua. Alitoka ng'ambo ya Zombe na mama mkwe wake, na yule mama mkwe alikaa mkono wake wa kulia kama askari jela anayeleta mfungwa. Mama mrefu, mkavu, leso yake imefungwa kwa fundo ambalo mbwa asingelifungua. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, kwa heshima, na kwa woga kidogo.

"Ni tumbo," Mwaitu alijibu kabla sijauliza.

Nikampa Syombua uzi. Nikampa Mwaitu uzi pia, mrefu zaidi, nikamwomba anisaidie kuusokota kule mwisho wa benchi kwenye kivuli. Alipokwenda, Syombua akasuka mizunguko kadhaa. Mkono wake ulikuwa mzuri, safu zimelala sawasawa. Halafu akaanza kukiambia kile kiondo.

Inachoma, alisema. Kama mtu amepaka pilipili pale mlangoni. Haiji yenyewe sana, mpaka paguswe. Kwenye kigoda cha kukamulia hawezi kukaa, anakamua amechuchumaa mpaka miguu inakufa ganzi. Na kwa Musyoka, mume wake, hawezi. Amejaribu, amejaribu, hawezi. Ilikuwa hivyo tangu mtoto wa pili aache kunyonya, na sasa mtoto huyo alikuwa anafukuza kuku.

Alikuwa amezunguka zahanati zote. Huku wanampa dawa ya fangasi, kule dawa ya fangasi tena. Mahali pamoja walimpiga sindano za magonjwa ya zinaa bila kumpima, na habari ya sindano ikafika nyumbani kabla yake. Ikasemwa ameleta ugonjwa kutoka nje. Musyoka akapimwa, akakutwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Basi ikabadilishwa: hana ugonjwa wowote, anakataa mume tu. Wajomba na baba wadogo wa Musyoka walikuwa wamekaa na kukubaliana. Mbaazi zikivunwa, atarudishwa kwa baba yake.

"Na watoto?" nikauliza, macho kwenye uzi.

"Watoto wanabaki."

Alilisema hilo bila kusimamisha mkono. Kisha akaongeza, "Sista, mkiupata huu ugonjwa, naomba uwe na jina. Usipokuwa na jina, mimi ni mwongo."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Daktari wetu wakati ule alikuwa Odera, kijana wa kutoka upande wa ziwa, mrefu hivi kwamba taa ya chumba cha kupimia ilimjua kwa paji la uso. Mtu mwema. Alimpima Syombua kwa utaratibu wote. Kwanza alimwomba ruhusa, jambo ambalo wengi hawakulijua. Akaangalia kwa macho muda mrefu kabla ya kugusa, akitafuta kama kuna vidonda, kuna malengelenge, kuna mipasuko, kuna ngozi iliyogeuka nyeupe na nyembamba kama karatasi, kuna makovu ya zamani, ya kuzaa au ya kukatwa. Hakukuwa na kitu ila wekundu. Akachukua majimaji kwa pamba, mimi nikayakimbiza maabara. Mkojo ukapimwa sukari, kwa sababu sukari hulea fangasi. Damu ikachukuliwa. Yule mtu wa maabara aliinamia maikroskopu yake kama anayemtafuta mdeni kwenye umati, na jibu likawa: hakuna fangasi, hakuna wadudu, hakuna sukari, damu safi.

Odera alisimama kwenye korido na yale majibu akasema hakuna kitu. Labda ni mawazo. Labda apelekwe kwa madaktari wa akili.

Mwikali alimwangalia kutoka chini huko. "Daktari, kwamba hana fangasi, nimekubali. Hilo ni jibu la maabara. Sasa tutafute jibu la Syombua."

Nilidhani paa litaanguka. Lakini Odera hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuna kichwa, akasema kweli, hajui. Mnajua ni madaktari wangapi nimewasikia wakisema hawajui? Wachache sana, nao ndio ningempelekea mwanangu. Alisema ana mwalimu wake Nairobi, atamuuliza.

Huku nyuma sisi tukarudi benchini. Bado tulikuwa na lile swali la amepaka nini, na Syombua alikuwa hajalijibu. Aliyelijibu ni Mwaitu. Nilikwenda kuchukua uzi wangu, nikaketi naye, tukasokota, nikauliza hewani tu nyumbani wanatumia nini kwa usafi. Mama wa watu akajieleza kwa fahari. Alikuwa amemsaidia sana huyu msichana. Amempa sabuni ya mche, ile ya kufulia, asubuhi na jioni. Amempa maji ya chumvi. Amemtafutia mizizi ya kuchemsha. Na ile dawa ya chupa inayogeuka nyeupe kwenye maji, ya kuoshea vidonda vya ng'ombe, hiyo nayo alimwekea kidogo. Kidogo kwake ilikuwa kifuniko kizima.

Jamani. Sisi tulikuwa tunatafuta nyoka, na huyu alikuwa anamwaga moto kila siku kwa mapenzi yake yote.

Mwikali hakumgombeza. Alimwambia hospitali inaomba vyote hivyo visimame, hata zile krimu za fangasi. Maji matupu tu, chupi ya pamba, au asivae kabisa akiwa nyumbani. Warudi mwezi ukiisha. Maana yake, alinieleza baadaye, ni kwamba mahali palipochomwa na sabuni huwezi kupapima. Panalia pote. Ngoja panyamaze, ndipo utasikia ni wapi hasa panalia.

Walirudi. Wekundu ulikuwa umekwisha. Kuchoma kumepungua, hakukusambaa tena, lakini kigoda bado hakikaliki na Musyoka bado analala peke yake. Mbaazi sasa zilikuwa na maganda yaliyojaa. Syombua aliniambia hilo kabla hata ya salamu.

Odera naye alikuwa amerudi na maarifa. Mwalimu wake alimwambia, usitumie vyuma kwanza. Chukua kijiti chenye pamba, ilowanishe kwa maji, gusa polepole, sehemu moja moja, uone ni ipi inayolia. Na ukitaka kukumbuka sehemu, pafikirie kama uso wa saa: juu kabisa ni kumi na mbili, chini kabisa ni sita. Alifurahi sana na ile saa yake. Akamgeukia Syombua, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha mjini, "Sasa mama, unaona kwako ni saa ngapi inauma?"

"Saa yoyote, daktari," Syombua akajibu. "Lakini jioni ndiyo zaidi."

Mwikali ilibidi aangalie ukuta. Mimi nilitoka nje kabisa, nikacheka mpaka kofia ikaanguka. Kwetu hakuna nyumba iliyokuwa na saa ya ukutani. Saa yetu ilikuwa jogoo, na jogoo hana mishale.

Ndipo Mwikali akatoa kiondo. Kile kile nilichopewa, kitako chake kikubwa kama sahani. Akakiweka mbele ya Syombua: hapa mbele, hapa nyuma, huu mkono wako wa kulia, huu wa kushoto. Nyuzi zimetoka katikati kwenda pande zote. Syombua alielewa kabla hajamaliza. Mwanamke aliyesuka vyondo tangu utoto humwelezi kitako cha kiondo.

Kisha Mwikali akamuuliza jambo ambalo sikulitarajia. Alimuuliza kama angependa mama mkwe wake aingie. Si kuangalia, atakaa upande wa kichwa, tutafunga leso katikati kama pazia, atauona uso wa Syombua tu. Akikataa, ataachwa nje na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Syombua alifikiri. "Aingie," akasema. "Nimechoka kusemewa."

Basi hivi ndivyo tulivyokuwa. Syombua amelala, macho kwenye dari. Leso imefungwa kifuani pake kama ukuta, hawezi kuona mkono wa daktari uko wapi. Mwaitu kwenye kiti karibu na kichwa chake, kiondo mapajani, na uzi mwekundu Mwikali aliompa. Mimi nimeshika taa. Mwikali amepanda kistuli ili aone pande zote mbili, maana bila kistuli angeona soksi za daktari tu. Pale Odera alipogusa, Mwikali alinyoosha mkono juu ya pazia akaweka kidole mahali hapo hapo kwenye kiondo. Syombua akisema "hapana," tunaendelea. Akisema "kidogo," tunaendelea. Akisema "hapo," Mwaitu anafunga fundo.

Odera alianza kwenye paja, mbali kabisa, ili Syombua ajue mguso wenyewe ni mwepesi kiasi gani. Hapana. Paja la pili. Hapana. Akaja nje nje, kulia, kushoto. Hapana. Akasogea ndani kidogo, kwenye ukingo wa mlango wenyewe, akianzia juu. Kidogo. Pembeni. Kidogo. Akateremka mpaka chini kabisa, upande wa nyuma. Pamba ile ilikuwa nyepesi, nzi angetua kwa kishindo zaidi.

"Hapo," Syombua akasema, na vidole vya miguu vikajikunja.

Mwaitu akafunga fundo.

Akapumzishwa. Raundi ya pili Odera alianza upande mwingine, akarudi pajani, akaruka juu, akapotea njia makusudi. Alipofika chini: hapo. Mwaitu akafunga. Raundi ya tatu alikaa kitambo bila kugusa popote, tukisikia sauti za benchi huko nje, kisha akaenda huku na huku kama kuku anayedonoa. Hapana. Hapana. Kidogo. Hapana. Hapo.

Mafundo matatu yalikuwa yamekaa mahali pamoja, yamebanana kama vifaranga.

Mwishoni daktari aliomba ruhusa tena, akatumia kidole kimoja tu kupima misuli ya ndani, kushoto, kulia, nyuma. Ilikuwa imekaza kama kamba ya ng'ombe anayekataa kwenda. Si ajabu. Mahali panapoumia hujikunja, na pakijikunja huuma zaidi. Syombua aliposema inatosha, Odera aliacha hapo hapo. Hilo pia mliandike.

Mwaitu alikigeuza kiondo, akakipapasa kwa kidole gumba jinsi msukaji anavyotafuta kosa. Aliinua macho kwenye ile leso, akapima urefu wake.

"Hakuwa anaona," akasema.

"Hakuwa anaona, Mwaitu," Mwikali akajibu.

"Na ni hapa hapa."

"Ni hapo hapo."

Mama yule akaweka kiganja kwenye paji la uso la Syombua, kizito, kama anayempima homa. "Mimi nilikuosha na sabuni," akasema polepole.

"Na ilikuwa ile ya suruali za Musyoka, Mwaitu," Syombua akajibu, bado anaangalia dari.

Waliocheka kwanza ni wao wawili. Sisi tulifuata tulipoona imeruhusiwa.

Odera akatoa jina. Kwa Kiingereza lilikuwa refu, lingeweza kufunga mbuzi. Kwa Kiswahili alisema: ni maumivu sugu ya mlango wa uke. Si uchafu, si zinaa, si uwongo. Mishipa ya fahamu ya hapo imekuwa na wasiwasi, inapiga kelele kwa kitu kidogo, nayo misuli imeogopa. Syombua alilirudia jina hilo mpaka likamkaa mdomoni. Kisha akaomba la Kikamba. Mwikali akainama, akamnong'oneza sikioni. Nililisikia, na sitaliandika.

Matibabu sitawadanganya. Haikuwa malaria, kwamba umeze dawa uamke mzima. Alipewa mafuta ya ganzi ya kupaka hapo tu, vidonge vya kutuliza mishipa, kiasi kidogo, na mazoezi ya kulegeza misuli ambayo Mwikali alimfundisha kwa kupumua. Na Musyoka akaagizwa angoje mpaka aambiwe.

Sasa mbaazi. Zilivunwa, na wale wajomba na baba wadogo wakakaa kama walivyopanga. Habari hii niliipata kwa Musyoka mwenyewe, aliyekuja kuchukua dawa akasimama mbali nami kwenye veranda, akaongea na bomba la maji kwa sababu mimi nilikuwa mwanamke na jambo lenyewe lilikuwa lile. Alisema mama yake aliingia palipokaa wanaume, akaweka katikati kile kiondo alichotoka nacho kliniki, kichwa chini, mafundo mekundu juu. Akawaambia msichana ana ugonjwa, una jina, na yeye mwenyewe alikuwepo ulipopatikana.

"Nimejua mahali hasa panapomuuma," akawaambia. "Nani anataka nimweleze ni wapi?"

Wazee wale waliangalia miguu yao. Mwanamume gani wa Kikamba angemwomba dada au shemeji yake mzee, mbele ya kikao, amweleze mahali hapo? Nthoni, ile ile iliyowafunga wanawake midomo kwenye benchi langu miaka yote, siku hiyo iliwafunga wao. Mmoja akakohoa. Mwingine akauliza kama chai iko tayari. Na Syombua hakurudishwa kwa baba yake, si msimu huo wala mwingine.

Alikuwa akija kliniki, kwanza kwa dawa, baadaye bila dawa. Siku aliyokaa kwenye benchi kwa makalio yote mawili bila kuegemea upande, alinitazama tu, akaendelea kusuka. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia vumbi la katani.

Kile kiondo Mwaitu alikimalizia mwenyewe, akamletea Mwikali kimejaa mbaazi. Mafundo aliyaacha. Msukaji hodari kama yule angeyafungua, maana huko chini yanakwaruza meza. Mwikali akala mbaazi, kiondo akakitundika kwenye chumba cha kupimia, na kwa miaka mingi kila mwanamke aliyeshindwa kusema aliteremshiwa, akaweka kidole. Wengine walikiweka karibu na mafundo, wengine mbali kabisa, na kila mahali palikuwa na ugonjwa wake. Wapo waliogundua yale mafundo kwa vidole wakauliza. Mwikali aliwaambia kuna mwenzenu alipita hapa.

Halafu miaka ya tisini ikaja na viti vya plastiki na vibandiko vya namba. Katani ikakatazwa kwa ajili ya usafi, na sakafu kweli ilipendeza. Benchi sijui lilikwenda wapi; kuni, nadhani. Wanawake wakakaa wameshika namba zao, wanaangalia ukuta. Ukimuuliza mtu, anakuambia tumbo. Mwikali alistaafu akaenda kwao Makueni na kiondo chake, nami nikabaki nikimtafuta mlangoni kila asubuhi kama mjinga, nikiangalia chini kidogo, mahali kofia yake ilipokuwa ikitokea.

Sikuwahi mazishi yake. Barua ilichelewa. Nilifika Makueni mahindi yakiwa yameshapandwa juu ya nyayo za waombolezaji, nikapokelewa na binti yake, mama mtu mzima, amefanana naye kwa urefu, nikashindwa kumwangalia sawasawa. Akanikaribisha ghalani akinitafutia mbaazi za kubeba. Kulikuwa na giza la ghala, magunia, harufu ya nafaka, na kiondo kikining'inia kwenye msumari. Sikuhitaji kuona. Nilipitisha mkono chini yake, na kidole kikafika chenyewe. Yalikuwepo, yote matatu, yamelainika kwa kushikwa.

Nilisimama hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilikuwa nasikia shh, shh, ya katani.

Yule binti akadhani nakitamani. "Chukua, mama," akaniambia. "Mimi nina vingine. Hicho kina makosa hapo chini, sijui nani alikisuka."

Nikamwambia akiache msumarini kilipo. "Si makosa," nikasema. "Hapo ndipo palipokuwa panauma."